Bora ujue moja, nilimwambia

Besti yangu alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Hajakizungusha, ameshika tu. Ndani mshauri nasaha alikuwa anatusubiri, tunamsikia akisogeza kiti, na majibu ya maabara yalikuwa mezani kwake kwenye bahasha iliyobandikwa gundi.

Mi nilikuwa nyuma yake na mkoba wake begani kwangu. Kazi yangu siku ile ilikuwa ndogo. Ukienda kuchukua majibu ya kipimo cha Huntington, ugonjwa wa ubongo unaorithiwa kutoka kwa mzazi, unaambiwa toka mwanzo uje na mtu, ikiwezekana asiwe ndugu wa damu ambaye naye anaweza kuwa nao, awe mtu wa pembeni kidogo, wa kukushika mkono na kukurudisha nyumbani. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Zikapita kama dakika mbili. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ingia tu mama. Bora ujue moja."

Akaachia kitasa.

Akageuka, akautoa mkoba wake begani kwangu taratibu kama mtu anayemvua mtoto koti, akasema, "Twende." Mshauri akatoka na wala hakushangaa. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba bahasha itakaa pale, anaweza kuifuata kesho, mwakani, au asiifuate kabisa, na hakuna mtu atakayempigia simu kumuuliza.

Hii ni wiki ya saba sasa, na lile neno langu la mlangoni halijanitoka kichwani.

## Ulimi wa Mzee

Baba yake nimemjua tangu tuko shule. Mtu wa hesabu, kalamu mbili mfukoni mwa shati, ukimuuliza kitu anakaa kimya kwanza ndo anakujibu. Ugonjwa wa Huntington ulipomwanza hakuna aliyeuona, kwa sababu haukuanza kwa kutikisika. Ulianza na hasira. Mzee akawa anafoka kwa vitu vidogo, mlango umebamizwa, redio iko juu, alafu akaacha kufungua barua za benki, na kazini akaanza kushindwa kumaliza kazi alizozifanya miaka 20, sio kwamba kasahau namna ya kuzifanya, bali alikuwa hajui aanzie wapi. Mkewe akajua ndoa imechuja. Watoto wakajua ni msongo wa kazi. Alikuwa na miaka 49.

Mwili ulifuata baadaye. Namkumbuka amekaa kwenye kochi anaangalia taarifa ya habari, vidole vya mguu wa kulia vinapanda na kushuka ndani ya soksi kama mtu anayepiga kinanda, alafu bega linaruka, alafu nyusi, na mkono ukijirusha wenyewe anaupeleka kichwani anajifanya anajikuna. Yani mwili unaanza jambo na yeye analimalizia ili lionekane alikusudia. Nilikuja kuambiwa hii ni kawaida kabisa kwa wagonjwa hawa, na kwamba wengi wao hata hawajui kama wanafanya hivyo.

Watu wa nje walidhani anakunywa. Mzee hajawahi kuonja pombe.

Siku ya daktari wa neva nilikuwepo. Dokta akamwambia toa ulimi, uache nje mpaka nikwambie. Ulimi ukatoka, ukarudi ndani. Ukatoka tena, ukarudi. Sekunde 10 hazikutimia. Akamwambia nishike vidole hivi viwili, vibane usiviachie, na mkono wa Mzee ukawa unabana na kulegea, unabana na kulegea, madaktari wenyewe wanauita mshiko wa mkamua maziwa. Akamwambia bila kugeuza kichwa angalia kidole hiki, sasa hiki, na kila macho yalipotaka kuhama ilibidi kwanza apepese kope, kama vile kope ndo zinayasukuma.

Mzee akasema, "Mi niko sawa dokta. Hawa watoto ndo wana wasiwasi."

Tulidhani anakataa ukweli. Kumbe ugonjwa wenyewe unaweza kuharibu ule uwezo wa kujiona. Kwa kila alichokuwa anahisi, Mzee alikuwa anasema kweli.

Leo ana miaka 61. Anakula sahani mbili zilizojaa na bado anakonda. Maji anapewa yakiwa yamefanywa mazito kidogo, maana mepesi yanampalia, na kupaliwa ndo hatari yenyewe: wagonjwa wengi wa Huntington mwishowe wanaondoka na nimonia. Kutoka dalili za mwanzo mpaka mwisho wengi wanaishi miaka 15 hadi 20. Besti yangu anajua hesabu hiyo. Yeye ndo anayemlisha.

## Herufi tatu

Jeni inayoleta ugonjwa huu kila mtu anayo. Wewe unayesoma hapa unayo mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, ziko kwenye kromosomu namba 4, na kazi yake ni kutengeneza protini inayoitwa huntingtini. Karibu na mwanzo wa jeni hiyo kuna herufi tatu za DNA, C-A-G, zinazojirudia. Kwa watu wengi zinajirudia mara 17, mara 20, hapo hapo. Mpaka 26 hakuna shida. Kuanzia 27 mpaka 35 mwenyewe kwa kawaida haugui, ila mlolongo unaweza kurefuka ukienda kwa mtoto. 36 mpaka 39 ni eneo la ukungu, kuna wanaougua na kuna wanaozeeka salama. 40 na kuendelea, ukiishi miaka ya kawaida ya binadamu, utaugua.

Mzee ana 43.

Mlolongo ukiwa mrefu protini nayo inatoka na mkia mrefu kupita kiasi, na chembe za neva zinazoumia mapema ni zile za ndani kabisa ya ubongo, zinazosaidia kuchagua tendo lipi lifanyike na lipi lizuiwe. Nilipolielewa hili nikaelewa vidole kwenye soksi. Nikaelewa na zile hasira pia, maana breki ni ileile.

Kurithi kwake hakuna mafumbo. Mzazi mwenye jeni ndefu anampa kila mtoto ama ile ndefu ama ile nzima, nusu kwa nusu, wa kiume wa kike sawasawa. Ukiikosa, umeikosa, na watoto wako hawawezi kuipata kupitia kwako. Hairuki kizazi ikaja kuibukia kwa mjukuu. Ikionekana imeruka mara nyingi ni kwamba kuna mtu alikufa mapema na kitu kingine kabla dalili hazijamfikia. Na inapopita kwa baba mlolongo una tabia ya kurefuka zaidi, ndo maana kuna watoto wanaougua wakiwa bado shuleni, wengi wao wakiwa na 60 na zaidi, na kwao mara nyingi sio kutikisika bali ni mwili kukakamaa, masomo kuporomoka na degedege.

Niseme na hili kwa wanaosoma huku wana mgonjwa mwenye dalili hizi ambaye kipimo cha Huntington kimetoka safi. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao kama pacha, unatokana na jeni ya JPH3 kwenye kromosomu 16, na karibu wote waliogundulika nao ni watu wenye asili ya Afrika. Muulizeni daktari. Familia inaweza kuhangaika miaka kwa sababu tu hakuna aliyefikiria jeni ya pili.

Besti yangu wako watatu. Kaka yake mkubwa ameshaanza dalili. Mdogo wao wa mwisho alipima, hana. Kwa hiyo yeye wa katikati alikuwa na hesabu yake moyoni, aliniambia usiku mmoja: "Mmoja anao, mmoja hana, mi ndo wa kuamua mechi." Nikamwangalia tu. Shilingi ikirushwa haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Kwake ilikuwa nusu kwa nusu siku aliyotungwa mimba, na ndugu zake wangekuwa kumi wote wagonjwa au wote wazima ingebaki hivyohivyo.

## Hasira zangu

Sasa niseme ukweli. Siku ile tulipotoka pale nilikuwa na hasira naye.

Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa ameshamaliza safari yote. Kipimo hiki hakiuzwi kama kipimo cha sukari. Kuna kikao cha kwanza na mshauri, unachorewa ukoo wenu kwa miraba na miduara, unaulizwa kwa nini unataka kujua na kwa nini sasa, unaangaliwa na daktari wa neva, unaongea na mtu wa afya ya akili, unapewa muda wa kufikiri, ndo damu inatolewa, alafu unasubiri wiki kadhaa. Miezi imeenda. Na majibu unapewa uso kwa uso. Alifanya vyote hivyo, akafika mlangoni, akarudi.

Mimi kichwani nilikuwa na wazo moja tu kwamba kujua ni nguvu na kutojua ni woga. Nimelelewa hivyo, na nadhani wengi wetu tumelelewa hivyo.

Nikaanza kusoma ili nipate hoja za kumrudisha. Hizo hoja sikuzipata.

Nilianzia mwaka 1872, daktari kijana wa miaka 22, George Huntington, anaandika kuhusu familia za Long Island, Marekani, ambazo baba yake na babu yake walishazitibu kabla yake, kwa hiyo kati yao watatu walikuwa wameona ugonjwa ukishuka kizazi kwa kizazi. Aliandika kwamba uzi ukishakatika hauungiki tena. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1983, wanasayansi wakapata alama ya ugonjwa kwenye kromosomu 4, na mwaka 1993 jeni yenyewe. Walifika hapo kwa damu ya maelfu ya watu wa vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huu uko kwa wingi usioonekana kwingine.

Na aliyeongoza kazi ile ya Venezuela ni Nancy Wexler. Mama yake aligunduliwa na Huntington mwaka 1968 na akafa nao mwaka 1978. Nancy naye alikuwa nusu kwa nusu. Akaenda Maracaibo mwaka baada ya mwaka, akasaidia kipimo kipatikane duniani.

Kilipopatikana, hakukimbilia kupima.

Hapo niliweka simu chini. Huyu mama anaijua jeni hii kuliko karibu mtu yeyote aliye hai, huwezi kumwita mwoga wala mjinga. Mwaka 2020 alijitokeza akasema hadharani kwamba anao, wakati huo mwili wake ulikuwa umeshaanza kusema. Na hayuko peke yake. Kabla kipimo hakijawepo watu wengi wa familia hizi walipoulizwa walisema kikija watapima. Kilipokuja, kwenye nchi nyingi zilizohesabu, waliopima ni chini ya mmoja kati ya watano.

Wanne kati ya watano wameachia kitasa.

## Kilichomo kwenye bahasha

Nilidhani ndani ya ile bahasha kuna jibu. Kuna namba.

Namba haisemi lini. Ni kweli mlolongo mrefu huleta ugonjwa mapema, lakini chukua watu wawili wote wana 42, mmoja anaweza kuanza na miaka 38 na mwingine akakaribia 60. Kuna jeni nyingine zinazochangia, nyingi ni zile zinazofanya kazi ya kurekebisha DNA, na utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kitu kilichonikosesha usingizi: kwenye chembe za ubongo zinazoathirika, mlolongo wenyewe unaendelea kurefuka taratibu miaka nenda rudi mtu akiwa mzima kabisa, ukipita kama 80 unaanza kurefuka kwa kasi, na chembe huonekana kuharibika hasa mlolongo ukifika kama 150. Yani namba ya damu ni ya kuanzia safari tu.

Kwa hiyo anayejua anajua nini? Anajua kwamba ataugua. Hajui lini, hajui itaanzia wapi, kwenye vidole au kwenye hasira. Na kuanzia siku hiyo kila kijiko kikidondoka kinakuwa swali. Kila ukisahau jina la mtu. Kila ukimfokea mtoto. Nimesoma maelezo ya watu waliopata majibu mazuri nao wakaanguka, kwa sababu walishajipanga maisha mafupi, hawakusoma, hawakuzaa, na sasa wanakaa mezani na ndugu ambaye hakubahatika. Yule mdogo wao aliyepima hana ndo hivyo, alilia miezi mitatu, na sisi tulimfanyia sherehe.

Kuna na mambo ya dunia. Uingereza makampuni ya bima yamekubaliana kutouliza majibu ya vipimo vya kutabiri, isipokuwa ugonjwa mmoja tu, huu, kwenye bima ya maisha inayozidi pauni 500,000. Marekani sheria ya mwaka 2008 inakulinda kwenye bima ya afya na kazini, bima ya maisha imeachwa nje. Ukishajua huwezi kurudi kutojua, na karatasi nazo hazisahau.

Basi nikawa nimehamia upande wake kabisa.

Alafu nikayumba tena, maana sitaki kudanganya hapa. Sababu kubwa ya kutopima siku zote ilikuwa kwamba hakuna cha kufanya. Zipo dawa za kutuliza mitikisiko, tetrabenazini iliidhinishwa Marekani mwaka 2008, na msongo na hasira vinatibika vizuri tu, lakini hakuna dawa ya kuuzuia. Machi 2021 jaribio kubwa la dawa ya kupunguza huntingtini lilisimamishwa na familia nyingi zililia. Sasa Septemba 2025 kampuni ya uniQure ikatangaza kwamba tiba yao ya jeni, ile inayowekwa ndani ya ubongo kwa upasuaji, kwa waliopewa dozi kubwa kasi ya ugonjwa ilipungua kwa asilimia 75 ndani ya miaka 3. Wagonjwa 12. Ni wachache, na walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine sio na kundi la kulinganishia ndani ya jaribio lenyewe. Najua. Ila nililia niliposoma, na nikajiuliza, je siku ikifika kwamba dawa inafaa zaidi kwa asiyeanza dalili, bado nitasema kutojua ni sawa?

Sina jibu. Nilimtumia ile taarifa kwenye WhatsApp. Tiki mbili za bluu, kimya.

## Binti

Wakati nageuzageuza haya yote, kumbe jambo lenyewe lilikuwa linapikika chumba cha pili nyumbani kwake.

Ana binti wa miaka 19. Tulipokuwa tunaenda kwenye vikao vile binti alikuwa anajua, hajafichwa kitu, na alipokuwa mdogo alishawahi kuuliza kama naye atapimwa, akaambiwa kipimo hiki hafanyiwi mtoto asiye na dalili, uamuzi utakuwa wake akishakuwa mtu mzima. Sasa ni mtu mzima. Na wiki ya tatu baada ya mama yake kuachia kitasa, akamwambia mezani, kwa adabu kabisa, "Mama, mimi nataka kujua ya kwangu."

Tuliza akili hapa kidogo. Mjukuu wa mgonjwa, ambaye mzazi wake hajapima, ana uwezekano wa robo. Akipima akakutwa hana, mama yake bado hajui kitu, anaweza kuwa nayo na hakuipitisha. Lakini binti akikutwa nayo, ameitoa wapi? Hakuna pengine pa kuitoa. Binti atakuwa amefungua bahasha mbili kwa mkono mmoja.

Besti yangu aliniambia hivi na nayaandika kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake: "Mimi nina haki ya kutojua. Yeye ana haki ya kujua. Na tunakula meza moja kila siku, we unadhani nitamwangalia usoni nisijue?"

Binti alisema atanyamaza. Atapima, na hatasema chochote, si kizuri si kibaya. Ana miaka 19. Mama yake anamjua mpaka anavyopumua akiwa na homa.

Washauri wanalijua tatizo hili na hawana dawa yake. Wanawakalisha, wanaongea nao mmoja mmoja na pamoja, wanajaribu kuona kama mmoja anaweza kusubiri au mwingine anaweza kutangulia. Lakini mwisho wa siku mtu mzima akisisitiza kupima damu yake mwenyewe, wengi wanakubali kwamba ni haki yake. Nimetafuta namna ya kulipinda hilo likae vizuri pande zote mbili, nimeshindwa. Siku zile zote nilikuwa nabishana kichwani kama ni sawa mtu kutojua, kana kwamba kutojua ni kitu unakiweka kabatini kwako unafunga. Kumbe kinakaa sebuleni, wote mnapita.

Na ndo hapo neno langu la mlangoni likarudi kunichoma upya. "Bora ujue moja" nilimwambia mtu mmoja. Pale mlangoni walikuwa wamesimama watu wawili.

## Simu ya Jumapili

Jumapili usiku akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri, kitu ambacho sikukitegemea.

Binti amepata nafasi ya kikao cha kwanza. Kuongea tu, damu bado sana. Na anatakiwa aje na mtu, asiwe ndugu wa damu. Ameomba niwe mimi.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nitakaa kwenye benchi nje."

Nikamuuliza kama ameamua kuhusu bahasha yake, akasema hapana, hajaamua, akijisikia kuiuliza ataiuliza, sio siku hiyo, siku hiyo ni ya mtoto. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia anamwambia Mzee ameze taratibu, ameze kwanza, ndo akarudi kwenye simu.

"Kitu kimoja, dada. Mlangoni, hata akisimama saa nzima, usimwambie kitu."

Nikamwambia sawa.

"Na mkoba wangu safari hii nitaushika mwenyewe."

Alhamisi, saa nne asubuhi.